Marehemu Kaja Kuchukua Hundi Yake

"Mimi hapa."

Maneno mawili tu, na baadhi yenu mmeshinda wiki nzima mkimtukana mwandishi kwa kuwaachia hapo. Haya, shusheni pumzi, tunaendelea.

Aliyepitwa na gazeti la wiki jana asogee nimpe mkato. Mama Pacha alikuwa amesimama dirishani benki na hundi ya mafao ya mumewe, mtunza ghala wa kiwanda cha rangi. Mume mwenyewe kafa, kazikwa, na udongo umeshakauka. Hundi imetoka kwa jina lake vilevile. Mhasibu wa kiwanda alimnong'oneza mjane: "Ukifika benki usiseme amekufa. Ukisema tu, hundi inalala mpaka mahakama iamue, na mahakama haina haraka."

Haraka alikuwa nayo yeye. Getini kwake pamebandikwa karatasi nyekundu ya benki hiyohiyo: marejesho ya mkopo yamesimama, Ijumaa nyumba inapigwa mnada. Basi akaigiza sahihi ya mumewe nyuma ya hundi, akajifunga mtandio, akaja. Keshia akaigeuza hundi, akamtazama, akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Na nyuma yake sauti ya kiume ikajibu, "Mimi hapa."

Mama Pacha aligeuka, na kitu cha kwanza alichokiona ni shati. Shati la mistari la mumewe, lenye kola aliyoigeuza yeye kwa mkono wake baada ya upande mmoja kuchakaa. Alilitafuta shati hilo kabatini mpaka akachoka. Sasa limesimama mbele yake, lina mtu ndani.

Ndani yake alikuwa shemeji.

Ndiyo, yuleyule mdogo wa marehemu aliyelia msibani mpaka watu wanne wakamshika asijitupe kaburini. Ndevu kanyoa. Nywele kazipunguza pembeni kama za kaka yake. Mtu asiyewajua, wangempita wote wawili asijue nani ni nani.

"Samahani, mke wangu, nimechelewa kuegesha gari," akasema.

Gari! Mtu huyu chombo pekee alichowahi kuendesha ni baiskeli ya kuazima, na hiyo nayo aliiuza.

Keshia, msichana wa kucha ndefu aliyekwisha kuchoka na watu tangu asubuhi, akanyoosha mkono. "Kitambulisho."

Shemeji akakitoa mfukoni taratibu, akakipitisha chini ya kioo. Mama Pacha akakitambua, ukingo wake umeungua kidogo kwa pasi. Kitambulisho cha mumewe! Alipekua chini ya godoro, ndani ya mikebe, hadi kwenye madaftari ya watoto, asikione.

Keshia akaangalia picha, akamwangalia mtu, akarudi kwenye picha. "Hapa ulikuwa mwembamba."

"Mke ananilisha, dada. Ningefanyaje?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Umepata mke!"

"Jina la mama mzazi?"

Shemeji akalitaja bila kupepesa. Angekoseaje? Tumbo lililomzaa marehemu ndilo lililomzaa na yeye, na swali hilo benki nzima wanajivunia kwamba hakuna mwizi anayelivuka.

"Na sahihi hii nyuma kapiga nani?"

"Mimi, nyumbani. Kwani vibaya?"

Keshia akamgeukia Mama Pacha. "Mama, huyu ndiye mumeo?"

Shemeji akamsogelea, akamshika kiwiko kwa upole wa mume, na kucha zikaingia kwenye nyama.

"Nusu kwa nusu, shem," akamnong'oneza. "Ukinikana, sahihi ile ya nyuma ni yako. Unajua inaitwaje kuigiza sahihi ya mtu?"

Alijua. Alijua pia Ijumaa ni keshokutwa. Akawafikiria pacha wake, wa kike na wa kiume, aliowaacha wakipanga viatu vyao ukutani, kwenye nyumba ambayo baba yao aliijenga chumba kimoja kimoja mpaka akafa bado bati la jikoni halijapigwa misumari yote. Nusu ya hundi ingeweza kumtuliza meneja wa benki. Nusu ni nusu, si haba.

"Ndiye," akasema.

"Sijasikia."

"Ndiye mume wangu."

Msimlaumu. Au mlaumuni, shauri yenu, lakini msubiri nimalize.

Keshia akabonyeza bonyeza, mara akaacha. Akawarudishia hundi. "Akaunti hii ina alama. Meneja anataka kuwaona, wote wawili. Mlango wa kahawia, mwisho wa korido."

Kwenye korido Mama Pacha alipata sauti yake. "Kitambulisho ulikichukua lini?"

"Siku ya msiba, mlipokuwa mnalia. Mnajua kulia nyie! Hakuna aliyekuwa anaangalia kabati."

"Na shati?"

"Likiachwa si lingeliwa na nondo? Nyoosha uso, tumefika."

Meneja alikuwa mtu wa tabasamu, mwenye kikombe cha chai mkononi na picha ya wajukuu mezani. Alipomwona shemeji alisimama nusu, akapiga meza kwa kiganja.

"Wewe! Si umefufuka!"

Mama Pacha akaushika mtandio wake.

"Huku tulisikia umekufa," meneja akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisosi. "Jirani yako mmoja alikuja kuweka akiba, akasema mtunza ghala wa rangi tumeshamzika. Mimi nikasema, haya, kazi ya Mungu. Kaeni, kaeni."

"Uvumi, bosi," shemeji akasema na kuvuta kiti. "Watu wana midomo."

"Tena nikuambie ukweli, mzee wangu, usinichukie." Meneja akainama mbele. "Kwa deni lako lile, kufa kungekufaa."

Mama Pacha akainua uso. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya bima, mama. Ile aliyokatwa siku alipochukua mkopo, hakukuambia? Mkopaji akifariki, bima inalipa deni lote lililobaki. Lote! Mjane hadaiwi hata senti. Anakuja hapa na cheti cha kifo, mimi mwenyewe namkabidhi hati ya nyumba mkononi, nampa pole, anakwenda zake kulea watoto."

Nataka msome hapo tena, maana Mama Pacha naye alimwomba meneja arudie.

Meneja akarudia, na safari hii taratibu, kama anayemweleza mtoto. Deni linafutwa. Nyumba inabaki. Hakuna mnada. Kinachotakiwa ni jambo moja tu, kwamba mume awe amekufa.

Na yeye ametoka kusema dirishani, mbele ya watu, kwamba mume wake ni huyu hapa, mzima, ananenepa.

"Nimekaa na faili hili tangu habari ile," meneja akaendelea, anakoroga chai yake kwa raha. "Nangoja mjane. Hatokei. Nikasema labda ni maneno ya watu, nikapiga simu ya mzee. Akapokea! Si uliniambia uko safarini, ukirudi utakuja kulipa? Sauti ni hiihii. Nikakueleza habari za bima nikakutania, nikasema jamaa una bahati mbaya kuwa hai. Ulicheka sana siku ile."

"Nilicheka, bosi. Wewe una vichekesho," shemeji akasema.

Simu! Simu ya marehemu ilipotea kwenye purukushani za msiba, na Mama Pacha alidhani imeibwa na waombolezaji. Kumbe iko mfukoni mwa mtu. Kumbe benki ilipiga kuhakikisha, na mdogo wa marehemu akapokea, akajifanya ndiye, akasema yuko safarini. Alijua. Tangu siku ile alijua kwamba neno moja tu lingeiokoa nyumba ya watoto wa kaka yake, na akalikalia.

Akamtazama. Shemeji akamtazama pia, akamkonyeza.

"Sasa tuje kwenye kazi," meneja akasema, akaipokea hundi na kuilaza mezani. "Hundi hii naizuia. Inamezwa na malimbikizo, na bado haitoshi. Ijumaa iko palepale."

Mngedhani shemeji angeshtuka. Hela aliyoifuata hadi akanyoa ndevu ndiyo hiyo inayoyeyuka. Yeye akaegemea kiti, akakunja nne.

"Ya nini kufika huko, bosi? Mnada ni aibu, na nyumba itauzwa bei ya kutupa. Mimi nina mnunuzi, ana fedha taslimu. Acheni nimuuzie leo. Kateni chenu chote, kinachobaki nipeni mimi mwenyewe mkononi."

"Huo sasa ndio uungwana!" meneja akafurahi. "Wateja wote wangekuwa hivi! Ila mama lazima aafiki. Mama, unaafiki?"

Kumbe hundi ilikuwa chambo tu. Nusu kwa nusu ilikuwa ya kumtoa mjane aseme neno lile dirishani. Kinachotakiwa ni nyumba, na nyumba haiuzwi na marehemu. Inauzwa na mume aliye hai, na mke wake pembeni akiitikia.

Mama Pacha akapiga moyo konde.

"Mume wangu amekufa," akasema. "Huyu ni shemeji yangu."

Meneja akaacha kukoroga. Shemeji hakuruka, hakufoka. Alishusha pumzi ndefu, akamwekea mkono begani, sauti ikalainika mpaka ikatia huruma.

"Ndiyo hali yenyewe, bosi. Sikutaka kuisema mbele yake. Tangu mwezi juzi, kila asubuhi ananizika. Jana mezani naomba chumvi, ananililia."

"Oh, pole sana," meneja akasema, na pole yenyewe akampa shemeji.

"Nimempeleka kwa madaktari. Hela za marejesho zimeishia huko."

"Muongo!" Mama Pacha akautupa ule mkono. "Meneja, usimsikilize! Huyu ni mdogo wake, kaiba kitambulisho, kaiba simu, na shati hilo la mume wangu, kola nimeigeuza mimi!"

"Kweli kabisa," shemeji akasema kwa huzuni. "Shati langu. Aliligeuza kola kabla hajaugua. Alikuwa mke hodari."

Meneja akabonyeza kengele. Keshia akaingia na kucha zake, akasimama mlangoni.

"Mama huyu dirishani alisema nini?"

"Alisema huyu ndiye mumewe. Nilimuuliza mara mbili."

"Ahsante, nenda." Tabasamu la meneja lilikuwa limeshakwenda likizo. "Sikiliza, mama. Ama ulidanganya kule dirishani, ama unadanganya hapa. Kama unadanganya hapa, ni ugonjwa, na mumeo atakutunza. Kama ulidanganya kule, huo ni wizi wa benki. Nawaita polisi sasa hivi, mnaondoka wote wawili na pingu. Una watoto?"

"Pacha."

"Wakubwa?"

"Wameanza shule mwaka huu."

"Leo watalala na nani?"

Hapo shemeji akacheka kimoyomoyo, na kicheko kikamtoka kidogo puani. Alimjua huyu mwanamke. Alimjua kuwa ni mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Akaishika kalamu ya meneja, akamwekea mbele yake. "Afiki, mke wangu. Twende nyumbani upumzike."

Mama Pacha akaiangalia kalamu. Akijitia wazimu, leo atalala na wanawe, kisha hawatakuwa na pa kulala. Akishikilia ukweli, atalala rumande yeye, lakini mume wake atakuwa amekufa kihalali, na nyumba itabaki ya watoto. Mtu gani anapewa uamuzi wa namna hiyo mbele ya kikombe cha chai?

Akaisukuma kalamu. Ikabingirika, ikaanguka sakafuni.

"Ita polisi," akasema.

"Mama..."

"Nimesema ita. Nilidanganya dirishani. Wanifunge. Jirani yangu atawapa watoto chakula. Lakini mume wangu amekufa, na bima yenu ilipe."

Meneja akanyanyua mkonga wa simu. Shemeji akajiweka sawa kitini.

"Ita tu, bosi, mimi sina neno. Wakija wataomba cheti cha kifo." Akamgeukia Mama Pacha, na sasa hata sauti ya upole alikuwa ameivua. "Kiko wapi, mke wangu? Kitoe tukione."

Hakikuwepo. Na kwa nini hakikuwepo? Kwa sababu siku ya tatu baada ya maziko, huyuhuyu alimwambia, "Mambo ya ofisini niachie mimi, shemeji, wewe pumzika." Akapewa nauli. Akarudi akasema foleni ndefu. Akapewa tena. Akarudi akasema mwandikishaji ana likizo. Mara ya mwisho alipewa hela ya unga, na watoto wakalala na chai.

"Hospitali hakulazwa, alifia chumbani kwake," shemeji akasema, na bila kujua akamtazama meneja haraka. "Yaani, ndivyo anavyodai huyu. Hakuna karatasi duniani inayosema mimi nimekufa. Kitambulisho ninacho, simu ninayo, mama yangu namjua jina. Wewe una nini?"

Mama Pacha hakuwa na kitu. Kweli alikuwa mikono mitupu, na meneja alikuwa ameshaanza kuurudisha mkonga mahali pake.

"Nina kaburi," akasema.

"Nini?"

"Karatasi hakuna, mwili upo. Meneja, waambie polisi waje na daktari wao. Twende wote. Wamfukue mume wangu, wamwangalie, waseme ni nani aliyelala mle."

Alilisema hilo, kisha akajiziba mdomo kwa mtandio, maana alimpenda yule mtu, na sasa amekwenda kumtoa kwenye usingizi wake kwa sababu ya bati na matofali. Machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Lakini aliyekuwa wa kutazamwa si yeye. Shemeji alikuwa amekunjua nne. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, pale alipokuwa na sharubu juzi.

"Kaburi halifukuliwi ovyo," akasema.

"Kwani kaburi lina nini wewe ukiwa hapa?" meneja akamuuliza. Mkonga ulikuwa umesharudi sikioni. "Kama ni uzushi, tutakuta udongo mtupu, mambo yaishe."

"Nasema ni dhambi. Ni kupoteza muda. Mwili umekaa wiki zote hizo, daktari gani ataona kitu tumboni?"



Meneja akatua kikombe. "Nani kataja tumbo?"

Shemeji akautupia mlango jicho.

Supu! Mama Pacha akaishika meza kwa mikono miwili. Kwa siku zote alizougua mumewe, supu ilitoka kwa shemeji, kwenye chupa ya chai, asubuhi na jioni. "Usihangaike kupika, shem, muuguze kaka." Na mume akiinywa anatapika, na wao wanasema ni homa, na kesho yake chupa inakuja nyingine, ya moto, yenye kitunguu saumu kingi.

"Ulimpa nini?" akauliza. "Mwana wa mama yake mwenyewe. Ulimpa nini mume wangu?"

Shemeji akaruka kitini kuelekea mlangoni. Mlango ukafunguliwa kutoka nje, na mlinzi wa benki, pande la mtu, akauziba wote. Kengele ya meneja ilikuwa imebonyezwa tena, safari hii kwa goti, chini ya meza.

"Ndiyo, afande," meneja alikuwa anasema kwenye simu. "Ndiyo, tawi letu kuu. Njooni na gari. Nadhani hapa kuna mambo ya kifo."

Basi mtu wenu akasimama katikati ya chumba, shati la kaka yake limemganda mgongoni. Akamwangalia mlinzi. Akaliangalia dirisha, lina nondo. Halafu mabega yakamshuka, na akageuka taratibu kumtazama mjane. Alikuwa anatabasamu.

"Haya, shemeji. Kaka amekufa, nimekubali. Fukueni, mumpime, mkute mnachokikuta." Akaketi tena, akakunja nne yake. "Mimi nilileta chupa na kuiacha mezani, majirani wote wameona. Sasa wewe waambie polisi, chumbani mlikuwa wawili na mlango umefungwa. Kijiko kilikuwa mkononi mwa nani?"

Mkono wa Mama Pacha ukatoka mezani wenyewe. Alimlisha yeye. Kijiko kwa kijiko, asubuhi na jioni, akimbembeleza, jitahidi baba, malizia hii ya mwisho. Mumewe alikuwa anageuza uso, na yeye akiurudisha kwa kiganja.

"Halafu bosi nikuulize, wewe ndiye mjuzi," shemeji akasema. "Hiyo bima yenu inamlipa na mke aliyemmaliza mumewe?"

Simu ikiwa bado sikioni, meneja alimtazama Mama Pacha, kisha akanyoosha mkono mezani, akaichukua ile hundi, akaliweka juu yake faili lenye hati ya nyumba, na vyote viwili akavivuta upande wake.